Kinubi cha Dirishani

Kinubi cha mteja nilikiweka dirishani gundi ikauke. Upepo ukapita kwenye nyuzi, nacho kikaanza kulia chenyewe, bila mkono wa mtu.

Uani, mke wangu akaacha kufua. Shati langu lilimning'inia mkononi likidondosha povu miguuni, naye kafumba macho. Miaka ishirini nampigia gitaa, na sifa yangu kubwa ni "punguza kelele". Leo upepo, ambao hata mazoezi haujafanya!

Wivu ukanipanda. Nikakitoa dirishani, kikanyamaza. Nikachukua koleo nikate nyuzi zote.

Akaingia mbio, machozi yakimlengalenga.

"Baba watoto, mbona umeacha? Kumbe unajua kupiga hivyo?"

Nikaficha koleo mgongoni. "Kidogo tu, mke wangu."

"Basi endelea," akasema, akavuta kiti.