Gauni la Kijani

Kila Januari, Idara ya Siasa huipitia historia na kufuta vichwani mwa watu yote yasiyosaidia kutabiri kesho. Shekue, mhadhiri wa siasa, aliketi na mkewe Mwanamkuu, aliyewahi kuwa mwalimu wa historia, wajaze fomu ya kuomba yapi yasifutwe kuhusu Mize, binti yao aliyepigwa risasi kwenye maandamano ya kudai maji.

“Andika alikuwa akicheka mpaka anashikwa na kwikwi, Baba Mize.”

“Watakata, Mama Mize. Kwikwi inatabiri nini?”

“Nyie watu wa siasa, jamani! Mtoto wako mwenyewe?”

“Ndiyo maana nataka apite.”

Akaandika: kifo cha kijana mmoja huongeza kura za upinzani kwa asilimia nne. Fomu ikapita, na sentensi hiyo tu ndiyo iliyobakizwa.

Kesho yake Mwanamkuu alikuta kwenye cherehani gauni la kijani ambalo halijakamilika. Akajipima, likagoma mabegani.

“Baba…” aliita, akakwama. “Hivi hili nilikuwa namshonea nani?”

Shekue alilipokea gauni, akalikunja vizuri.

“Asilimia nne,” alisema, na machozi yakamtoka, asijue kwa nini.