Kidirisha cha Chipu

Skrini ilijaa herufi F tupu, mstari baada ya mstari, na fundi akajua chipu haina kitu. Hakukuwa na nakala nyingine duniani. Chipu hiyo ndiyo iliyokuwa ikiiamsha mashine ya gemu ya marehemu mume wa shangazi yake, na ndani yake marehemu alikuwa amerekodi sauti yake: karibu, tucheze.

"Mbona kimya? Anasemaje?" Shangazi alisogeza sikio.

Fundi akaigeuza chipu. Mgongoni kidirisha chake cha kioo kilikuwa wazi, hakijafunikwa. "Shangazi, hapa palikuwa na kibandiko."

"Kina mwandiko wake, nikakibandua nikae nacho." Akakitoa kwenye pochi. "Chipu yenyewe nikaiweka dirishani. Marehemu hakupenda giza, unamjua. Hata kulala alilala na taa."

Miaka yote tangu msiba, bila kibandiko cha kulizuia, jua lilikuwa likipenya kwenye kile kioo, likifuta kidogo kidogo kilichorekodiwa ndani.

"Nimeiharibu?"

"Hapana, Shangazi. Imezeeka tu."

Fundi akapokea kibandiko, akakirudisha juu ya kioo, akakikandamiza kwa kidole gumba muda mrefu, kana kwamba ndani bado mna cha kulinda.