Mchanga Relini

Kichwa cha treni kikiingia makumbusho, dereva wake wa mwisho huingia nacho, akafungiwa nyuma ya kioo mpaka kufa. Ndiyo sheria. Basi Bi Sauda alimkanya mumewe tangu asubuhi: "Baba Zahara, ukiulizwa, wewe ulikuwa mpishi wa kiwandani."

"Mpishi mimi, ugali wenyewe unanishinda?"

Wakaguzi wa makumbusho wakakiwasha kile kichwa kidogo kilichopanga mabehewa ya mkonge kiwandani miaka na miaka. Reli ilikuwa imelowa mvua. Magurudumu yakazunguka bure, yakilia. Bi Sauda aliushika mkono wa mumewe kumzuia.

"Mwaga mchanga relini kwanza, mwanangu!" mzee akafoka. "Utayaua magurudumu!"

Mashine ikazimwa. Mkaguzi akageuka taratibu.

"Shikamoo, dereva," akasema, akamfungulia mlango wa kioo.