Glavu za Mama

Mimi glavu za mama nazichukia. Kampuni ya chai huwapa wachumaji ambao damu haifiki vizuri vidoleni, nazo hupata moto pale tu vidole vinapochuma. Vikitulia, zinapoa, hata nyumbani. Eti kubana betri.

Jumapili nilimpelekea mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa wiki tatu. Baridi ya Njombe ilikuwa kali, na vidole vya mama vilikuwa vimepauka hadi kwenye kucha. Akavaa glavu.

"Ngoja kwanza zipate moto, mwanangu," akasema. "Nisije nikamshtua."

Akaanza kuchuma hewa: majani mawili na chipukizi, akirusha mgongoni kwenye tenga ambalo halikuwepo. Taa ndogo za glavu zikawaka nyekundu. Nikampa mtoto.

Akatulia, akimtazama usoni huku akitabasamu. Dakika haikuisha, taa zikazimika. Mama hakuona, lakini vidole vyake vilishaanza kutafuta cha kuchuma. Vikapanda polepole shingoni mwa mtoto, vikakuta sikio.

"Mama!"

"Nini? Si namshika tu?"

Mtoto akapiga yowe. Kando ya sikio lake, taa zikawaka tena.