Mfumo wa Pili

"Shemeji, kila nikiiwasha hii laptopu inaniambia nichague mfumo," fundi aliambiwa na mume wa dada yake, aliyeibwaga juu ya meza ya kazi. "Huo wa pili kaweka nani? Nikiuingia unadai neno la siri. Nifungulie, sasa hivi."

Aliyeuweka ni fundi mwenyewe, dada alipomwomba mahali pa kuficha picha za majeraha yake. Ile orodha ya kuchagua alipaswa kuizima, isitokeze kabisa kioo kikiwaka. Akapitiwa. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza!

"Dada umemuuliza?"

"Nimemuuliza sana." Shemeji alichekea puani. "Kichwa kigumu yule. Nusura anivunjie laptopu."

Kona ya mfuniko ilikuwa imebonyea. Unywele mrefu ulikuwa umenasa kwenye bawaba. Fundi alibonyeza kile kitufe kirefu cha chini, kikagoma kurudi juu. Kidole chake kilitoka na damu mbichi.

"Yuko wapi?"

"Kalala. Wewe fungua."

Chuma cha kulehemu kilikuwa kikifuka moshi kwenye kishikilio chake.

"Sogea, shemeji," fundi alisema kwa upole. "Weka kidole hapa, nikuonyeshe."

Shemeji akanyoosha mkono. Fundi akaudaka, akaugandamiza mezani kwa uzito wake wote, na mkono wake wa pili ukakamata chuma.

"Haya," alisema. "Sasa nauliza mimi."