Pafu la Nguruwe wa Nne

Daktari wa mifugo alipasua kifua cha nguruwe wa nne, akatoa pafu na kuliweka juu ya jani la mgomba. Lilikuwa jekundu jeusi, gumu kama ini. Akongo, mwenye nguruwe, alilibonyeza kwa kidole, halikubonyea.

"Uliwachoma sindano siku ngapi?" daktari aliuliza.

"Siku mbili. Walianza kula, nikaona wamepona."

"Dawa ilikuwa ya siku tano, mama. Ukiikatiza, vijidudu vilivyobaki vinajihami. Vinajifunika utando, vinajificha kooni na kutulia. Nguruwe anakula vizuri, kumbe amevibeba. Akichoka au akipigwa na baridi, vinaamka. Na wenzake anawaambukiza kwa pumzi tu."

"Hata asiyekohoa?"

"Huyo ndiye mbaya zaidi, kwa sababu hakuna anayemtenga."

Akongo aligeuka akalitazama banda lake, ambalo sasa lilikuwa tupu. Nguruwe wake walikuwa watano; wanne walikuwa wamekufa. Wa tano, jike mnono asiyekohoa hata kidogo, alikuwa amempeleka mwenyewe kijijini Paya siku ya Jumapili, zawadi kwa mdogo wake aliyefiwa na mume na kubaki akiishi kwa kufuga nguruwe.

Alichukua simu akampigia.

"Dada, nilikuwa nataka kukushukuru," mdogo wake alisema. "Nguruwe wako mpole sana."

"Umemweka wapi?"

"Banda moja na wale wangu kumi na mmoja. Mvua imetupiga wiki nzima, wanalala wamebanana wapate joto."