Runinga ya Upande wa Maadili

Siku hizi kila nyumba hujiandikisha upande wake, na runinga huonyesha yale tu ambayo upande huo unayakubali. Bwana Ngailo aliandikisha nyumba yake upande wa Maadili siku ya kwanza kabisa. Kwa miaka kumi alikuwa akilalamika redioni kuhusu filamu za mabusu, wanasiasa wasio na haya na wasichana wanaocheza mpira wamevaa kaptura. Mkewe alipouliza kuhusu binti yao mchezaji, "Na Atukuzwe je?" alijibu, "Atatuelewa."

Jumapili Atukuzwe aliichezea timu ya taifa ya soka kwenye fainali. Runinga ya Ngailo ilionyesha kwaya. Mkewe alikwenda kutazama kwa jirani aliyejiandikisha upande mwingine, bila kuaga. Ngailo alizima sauti, akasimama dirishani kusikiliza. Ghafla kwa jirani walipiga kelele, wakaita jina la bintiye. Alifuta macho.

Jioni simu iliita.

"Shikamoo, baba. Uliniona?"

"Marahaba, mwanangu. Nilikuona. Lile bao lako lilikuwa zuri sana."

"Baba, nilikosa penalti," alisema Atukuzwe. "Nipe mama."

Mama hakuwa amerudi.